Rede, kombolela, mdako au kamba? Mchezo upi unafaa watoto wako na uwanja ulionao hapa Mwanza

Likizo ya Juni ikiingia, nyumba nyingi za Mwanza hupata watoto wengi kuliko vitanda. Wajukuu wameshuka kwenye meli ya Nansio, binamu wamevuka kutoka Sengerema, na watoto wa jirani hawajawahi kuhesabiwa, wapo tu. Ukiwaambia "nendeni mkacheze nje" umefanya nusu ya kazi, maana nje ya Bugarika na nje ya Luchelele ni vitu viwili tofauti. Kule mlimani kuna ngazi za mawe, mfereji na ukuta wa jirani. Huku chini kuna mchanga na maji. Mchezo ulioucheza wewe kijijini Magu kwenye uwanja wa shule usio na mwisho, ukiuleta Mabatini kama ulivyo unaweza kumtoa mtoto jino.

Ulinganisho huu ni wa mzazi, mwalimu, shangazi au kijana aliyeachiwa watoto wa mtaa kutwa nzima. Nimeweka michezo minne bega kwa bega: rede, kombolela, mdako na kuruka kamba. Mingine nitaigusa tu. Utamu sijaupima, kwa sababu mchezo usio mtamu ulishakufa zamani na mabibi zetu hawakuhangaika kuurithisha. Ninachopima ni mtoto aliyetolewa: akishatoka anafanya nini, na anakaa nje muda gani? Michezo mingi huanza na watoto kumi na tano wanaocheka. Baada ya robo saa unakuta watatu wanacheza, na kumi na wawili wako ukutani wanasukumana. Ugomvi wa watoto unaanzia pale ukutani, mara chache sana ndani ya mchezo wenyewe.

Kipimo cha pili ni ardhi. Mji huu umejengwa juu ya miamba, na mtu akikuuzia kiwanja tambarare Isamilo mwangalie mara mbili.

Kwa mwenye haraka:

| Mchezo | Watoto | Ardhi inayotakiwa | Aliyetolewa |
|---|---|---|---|
| Rede | 6 hadi 16 | Tambarare, laini, ndefu kuliko pana | Anasubiri mwenzake amfufue |
| Kombolela | 5 hadi 12 | Yenye maficho salama na kiwanja kidogo katikati | Anasubiri kukombolewa |
| Mdako | 2 hadi 5 | Popote penye kivuli | Anasubiri zamu, yuko palepale |
| Kamba | 3 hadi 10 | Ngumu, kavu, isiyo na kokoto | Anashika kamba |

Jedwali limesema yaliyo rahisi kusema. Yaliyobaki yanahitaji maelezo.

Rede

Kwa ambaye hajawahi kuicheza: mnagawana timu mbili. Timu moja inatoa warushaji wawili wanaosimama wakitazamana, kati yao hatua kumi hadi kumi na tano. Timu ya pili inaingia kati. Warushaji wanarushiana mpira laini wakiwalenga walio kati, nao wanakwepa kwa kuinama, kuruka na kujipinda kiuno. Ukiguswa na mpira umekufa, unatoka. Katikati huwekwa chupa tupu, na anayekwepa anatakiwa aijaze mchanga kwa mkono huku mpira unampitia masikioni. Ikijaa anapaza sauti "rede!" na timu yake imeshinda raundi hiyo. Kuna mitaa wanapanga makopo badala ya kujaza chupa, na mingine wanahesabu tu mpira umepita mara ngapi. Wengine wanauita nage.

Kwa kundi la watoto kumi na zaidi wenye umri uliochanganyika, sioni mchezo unaoushinda huu. Angalia inavyokuwa. Kaka wa miaka kumi na tatu ana mbio na nguvu, lakini mwili wake ni mkubwa na kuulenga ni rahisi. Mdogo wake wa miaka minane ni mwembamba kama fito, mpira unampita tu. Kwa hiyo mkubwa anakufa mapema, na anayebaki kati akiokoa timu ni yule ambaye kwenye chandimu angewekwa golini kwa kuwa hakuna mwingine anayemtaka. Mpira wa miguu hauwapi wadogo nafasi hiyo hata siku moja.

Pale ukutani nako mambo ni tofauti. Waliokufa wanajua chupa ikijaa wanafufuka, kwa hiyo hawatawanyiki. Wanakaa kando wanamwelekeza aliyebaki: "Nyuma! Lala! Mimina sasa!" Kasoro ni pale aliyebaki anapokuwa fundi kweli. Binti fundi wa kukwepa anaweza kuwakalisha wenzake mpaka wachoke. Dawa yake ni kuweka kikomo: mpira ukishapita mara ishirini na chupa haijajaa, timu zinabadilishana. Na chupa iwe ya nusu lita. Ile ya lita moja na nusu inageuza mchezo kuwa kibarua.

Mpira ndio unaoamua kama watoto watalia au watacheka. Zamani tuliviringisha mifuko ya plastiki, tunafunga na kamba mpaka inakuwa ngumu kama embe bichi, na ulipokupiga mgongoni ulijua umepigwa. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019, malighafi imepungua, na kwa rede hiyo ni heri. Chukua soksi ya mtu mzima, jaza vipande vya sponji ya godoro bovu, ongeza matambara kidogo ili upate uzito wa kuruka, kisha shona mdomo. Usifunge fundo, fundo ndilo linaloumiza. Wakati wa masika ukilowa uanike kwanza, mpira uliokunywa maji ni tofali.

Sasa ardhi. Kwenye mteremko, warushaji wasimame kufuata ubavu wa mlima, wote wawili kimo kimoja. Ukiwaweka mmoja juu na mwingine chini, kila mpira ukikosa kudakwa unaelekea barabarani, na mtoto nyuma yake. Nimeona watu wazima wakipanga rede namna hiyo kisha wanawagombeza watoto kwa kukimbilia njia ya bodaboda. Jambo la pili ni jua. Saa kumi jioni liko magharibi na linachoma macho, kwa hiyo mstari wa warushaji uende kaskazini na kusini, asiwepo anayelitazama usoni. Uwanja ukibana kiasi kwamba huwezi kutimiza yote mawili, tii mteremko. Jua litazama lenyewe.

Wavulana watakwambia rede ni ya wasichana. Usibishane nao. Anzisha na wasichana, weka mpira wa ziada pembeni, baada ya muda utawaona wamesimama karibu, halafu mmoja ataudaka mpira uliopotea na kuurudisha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Huyo ameshaingia.

Kombolela

Huu ndio mchezo ambao watoto wenyewe watauchagua ukiwapa kura, na ndio ambao mimi ningeuruhusu kwa masharti mengi zaidi.

Kopo linawekwa katikati. Mmoja analipiga teke liende mbali. Mtafutaji analifuata, analirudisha mahali pake, na wakati huo wenzake wameshatokomea. Anaanza kutafuta. Akimwona mtu, anakimbia kuligusa kopo na kutaja jina na mahali: fulani, nyuma ya tangi. Huyo amekamatwa, anakuja kusimama karibu na kopo. Lakini akitokea mmoja aliyejificha, akawahi kulipiga kopo teke kabla ya mtafutaji na kupaza sauti "kombolela!", wote waliokamatwa wako huru na kazi inaanza upya. Mtafutaji akikosea jina, vilevile anaanza upya, ndiyo maana watoto wajanja hubadilishana mashati wakiwa mafichoni na kuchungulisha bega tu.

Kwa kipimo cha aliyetolewa, kombolela ni nzuri kuliko inavyoonekana. Aliyekamatwa haoni kama ametoka. Amesimama palepale katikati, macho yanazunguka, anajua saa yoyote mtu atachomoka nyuma ya nyumba kuja kumwokoa. Kuna watoto wanaofurahia kukamatwa kuliko kujificha. Anayeumia ni mtafutaji. Kumi na mbili dhidi ya mmoja, na kama mmoja huyo ni mzito wa miguu, kopo litapigwa mpaka machozi yamtoke, wala hakuna sheria ya asili inayomtoa hapo. Kwa hiyo iweke wewe: kopo likipigwa mara mbili, mtafutaji anabadilishwa bila kuulizwa. Wakizidi kumi na wawili, watafutaji wawe wawili. Wakifika ishirini achana nao, rudi kwenye rede.

Masharti mengine yanatokana na mji wenyewe. Maficho ya Mwanza ni mapango ya mawe, na mawe yana wenyewe: nyoka, nge, pimbi, na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa samawati wanaoota jua asubuhi. Mjusi hana neno. Waliobaki wana neno. Mkono wa mtoto usiingie kwenye ufa asiouona mwisho wake. Ongeza makaro yenye mifuniko mibovu, misingi ya nyumba iliyoachwa, friji mbovu uani kwa fundi, na chini ya magari yaliyoegeshwa. Zunguka na watoto kabla ya mchezo, mwonyeshane mpaka kwa miguu: kutoka kwenye mwembe huu hadi geti la bluu, basi. Mpaka wa maneno matupu watoto hawauoni.

Na saa ya kumaliza itajwe mapema. Jua la huku huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, tofauti ni kama nusu saa tu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza halikawii kufuata. Saa ile ndiyo kombolela inanoga zaidi, kila kivuli ni maficho. Ndiyo saa hiyohiyo ambayo mama anaita na mtoto hajibu kwa sababu akijibu ataonekana. Saa kumi na mbili kamili kopo liokotwe.

Ukiwa na uwanja mtupu, mfano ule wa shule mpya ambao hata mti haujaota, kombolela haina maana. Hawana pa kujificha, na mtafutaji atawamaliza akiwa amesimama.

Mdako

Hapa tunaingia kwenye kivuli. Chimba kashimo ka ukubwa wa bakuli, weka humo vijiwe kumi na viwili hivi, na kila mchezaji awe na kijiwe kimoja kikubwa kidogo au limau dogo la kurusha. Unakirusha juu, na kabla hakijashuka, mkono uleule unakomba vijiwe kutoka shimoni, kisha unakidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote ukibakiza kimoja nje. Hicho ni chako. Raundi inayofuata unabakiza viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Usipodaka, au ukibakiza idadi isiyotakiwa, zamu inahama. Mwishoni mnahesabu nani ana vingi.

Ukiwa na uani wa sementi usio na pa kuchimba, chora duara kwa mkaa. Inafanya kazi vilevile, ila vijiwe vinateleza zaidi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Kuhusu vijiwe nina msimamo: usiwape kokoto. Kokoto zimejaa mji mzima, zinapasuliwa kandokando ya barabara, na mtoto ataziokota kwanza kwa kuwa ziko karibu. Kingo zake zinachana vidole na kucha. Tafuta vijiwe vilivyolainishwa na maji, au mbegu za ukwaju ukipata nyingi. Wenye bahati ya kwenda ufukweni walete mfuko mmoja, watatumia mwaka.

Mdako hauna ukuta wa waliotolewa. Aliyekosa anabaki amechuchumaa palepale akilinda macho yasidanganywe, maana wizi wa mdako ni wa kijiwe kimoja tu chini ya goti. Lakini hauvumilii watu wengi. Wakifika sita, wa sita atasubiri mpaka asahau alikuwa anacheza nini. Wagawe mashimo mawili.

Ninaupa mdako nafasi ambayo watu wazima wengi hawaipi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtoto asiyeweza kukimbia: mwenye mguu wa bandeji, mwenye pumu siku za vumbi, anayetumia kiti cha magurudumu. Mwekee meza yenye duara la chaki, na mkono wake utampa haki yake. Kwenye rede na kombolela atakuwa mtazamaji au mhesabuji, na mtoto anajua amepewa kazi ya huruma. Ya pili ni saa. Kati ya saa sita na saa tisa mchana jua la Mwanza si la kuwakimbizia watoto, na baba wa nyumba ya pili amelala kwa sababu usiku alikuwa zamu. Mdako hauna kelele, labda ubishi.

Na bibi anacheza. Mpe kigoda na umwache akubali mwenyewe. Wengi wetu tulidhani bibi zetu wameusahau mchezo huu mpaka walipofyagia shimo zima kwa mkono mmoja.

Chini ya miaka sita mdako unawashinda, mkono haujajifunza kufanya kazi mbili. Wape wakombe bila kurusha, watafurahi.

Kuruka kamba

Kwa kipimo changu, kamba ingepaswa kuwa ya kwanza, kwa sababu hakuna anayetolewa. Ukikosea unashika kamba, aliyekuwa ameshika anaingia kuruka. Mzunguko unajiendesha wenyewe, hata mtu mzima akiingia ndani kupika, akirudi atakuta unaendelea.

Kinachoirudisha nyuma ni ugumu wa kuingia. Kamba ndefu inayozungushwa na wawili ina mlango wake, na mtoto asiyeujua anasimama pembeni akitikisa kichwa kufuata kamba, anaogopa. Mwanzishe akiwa tayari amesimama katikati kamba imelala chini, kisha wazungushe. Akizoea ndipo ajifunze kuingia ikiwa inakwenda.

Kamba yenyewe: katani, yenye urefu wa mita nne au tano. Watu wa Kirumba na Igombe watakuletea kamba ya nailoni iliyobaki kwenye nyavu, na ni rahisi kuipata, lakini ni nyepesi, upepo wa ziwa unaiyumbisha, haipigi chini ile "pa!" inayowapa watoto mapigo ya kurukia, na ikikucharaza kwenye muundi inaacha alama. Kama nailoni ndiyo uliyo nayo, ilowanishe na ufunge mafundo mawili katikati ipate uzito.

Ardhi iwe kavu. Mwamba ulio bapa unavutia kuurukia, ila mvua ikishanyesha unateleza. Nyumba zenye kibaraza cha upana wa mlango tu, kata mpira wa tyubu ya baiskeli, unga uwe duara, wawili wauvae miguuni na wa tatu aruke: kwanza kwenye vifundo, kisha magotini, kisha mapajani. Watatu wanatosha, na eneo ni la mkeka mmoja.

Wadogo, na mingine kwa haraka

Wa shule ya awali usiwatie kwenye hiyo minne. Wape ukuti: wanashikana mikono, wanazunguka kwa wimbo, wanatetemeka, wanaanguka. Hakuna mshindi. Hakuna anayetoka. Wakishachoka, nyama nyama.

Kiongozi anataja wanyama mfululizo. Akitaja anayeliwa, wote wanaruka na kuitikia "nyama!" Akitaja asiyeliwa, wanatulia. Anayeruka kwenye "fisi" ametoka. Ng'ombe, mbuzi, kuku, haraka haraka, halafu paka. Kila mtu ameucheza. Uzuri wa kuucheza huku ziwani ni pale kiongozi anapoingiza samaki.

"Sato!"

Nusu wanaruka, nusu wanasimama. "Shangazi, samaki siyo nyama!"

"Kwani kwenu sato mnamweka kwenye chai?"

Sangara anapita bila tatizo. Dagaa analeta ubishi wa ukubwa. Ukitaja kambare umegawa uwanja kwa madhehebu, maana watoto wa Kisabato wamefundishwa kwamba samaki asiye na magamba haliwi, na wanasimama imara huku wenzao wamesharuka. Nguruwe hivyohivyo kwa Waislamu na Wasabato pamoja. Mimi huwa nawaachia: kila mtoto aruke kwa chakula cha kwao, na kiongozi asimtoe mtu kwa hilo. Wenye akili wameshagundua kwamba hapo ukiruka uko salama na usiporuka uko salama, wanapumzika. Anayetolewa kwenye nyama nyama mpe uongozi mara moja, ataje yeye. Hiyo inamaliza suala la ukuta.

Gololi ni nzuri kwa wawili au watatu, kashimo na mstari tu. Lakini ikichezwa ya kulana, jioni mtoto mmoja anazo zote na wengine wanamsubiri kwenye kona. Kubalianeni zirudishwe, au usiianzishe. Kuendesha ringi kwa kijiti ni raha ya mtu mmoja na inataka njia isiyo na magari, na mtu akiwa Nyakato hiyo njia aitafute kwa darubini. Chandimu haihitaji ulinganisho wangu, itaanza yenyewe. Bao lipo, lile la mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na Wasukuma wana isolo yao, ila ni la watoto waliokwisha kujua kukaa. Wa miaka kumi na moja kwenda juu, siku ya mvua, pamoja na babu. Mtoto wa miaka saba atakula kete.

Ukiwa ufukweni

Kama nyumbani ni Igombe, Kayenze au Luchelele, au mmekwenda kutembea Jumapili, mpangilio wote unabadilika. Mpira uliorushwa unaelekea majini, na mtoto anayefuata mpira hatazami chini. Maji ya pembeni yenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake vinapenya ngozi ya mguu bila mtoto kuhisi chochote. Shuleni wanapewa prazikwanteli, ni kweli, lakini dawa inaondoa minyoo iliyopo, haizuii kuambukizwa tena wiki ijayo. Sijataja mamba, na kuna fukwe ambazo wenyeji watakutajia kabla hujauliza.

Kwa hiyo ufukweni mimi naanza na kamba na mdako. Mchanga uliokauka juu na kushikamana chini ni mzuri kwa shimo la mdako kuliko udongo wowote wa mjini. Kombolela inawezekana ikiwa maficho yote yako upande wa nchi kavu, na mitumbwi iliyopinduliwa isiwe mojawapo: chini yake kuna ndoano za sangara, na mwenye mtumbwi hatasikiliza hadithi ya mchezo. Waepushe pia palipoanikwa dagaa. Hapo mtafukuzwa na akina mama, kwa haki kabisa.

Rede mkiitaka sana, warushaji wasimame sambamba na maji, hatua hamsini kutoka yanapofika. Mpira ukikosa kudakwa unakwenda kando ya ufuko, hauingii ziwani. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, nao unasaidia kuusukuma upande ulio salama.

Kabla hamjaanza

Kuna jambo linaloharibu rede na kombolela kuliko ardhi mbovu. Watoto wa likizo wametoka mitaa tofauti na kila mmoja ana sheria za kwao, na wote wanaamini ndizo za dunia. Yatajwe kwa sauti kabla ya teke la kwanza. Kwenye rede: mpira uliodunda chini kwanza ukikugusa, umekufa au hujafa? Ukigusa gauni na haujagusa mwili? Ukidakwa na aliye kati, anapata uhai wa ziada, anamfufua mwenzake, au hapati kitu? Kwenye kombolela: kutaja jina bila mahali kunatosha? Mtafutaji anaruhusiwa kulinda kopo bila kwenda kutafuta? Hili la mwisho lipige marufuku, maana mtafutaji anayekaa juu ya kopo ameua mchezo wa wote.

Mwachie mtoto azitaje, na awe mmoja wa wadogo, kwa kuwa wakubwa wakizitaja watazipinda njiani. Mgeni wa Nansio akisema kwao mpira uliodunda unaua, chezeni raundi ya kwanza kwa sheria za wenyeji na ya pili kwa sheria za kwao.